Mkono wa Idi, Kilosa hadi Mikumi

Watu wazima wakishaswali Idi hurudi nyumbani kusubiri pilau. Watoto ndiyo kwanza kazi inaanza: magauni mapya, miwani ya plastiki, kipochi begani, nyumba hadi nyumba kudai mkono wa Idi. "Mtoto wa nani wewe?" huuliza mwenye nyumba huku akipapasa mfukoni. Akishajibiwa, jero inatoka. Mtoto wa jirani Mkristo naye yumo. Krismasi zamu hugeuka.

Ni desturi ya pwani, na si ajabu kuikuta Kilosa, mji wa misafara ya kutoka pwani, kisha wa reli iliyofika Morogoro 1907 na, kupitia Kilosa, Dodoma 1910. Oman nako watoto hubisha hodi usiku wa katikati ya Ramadhani, wakiuita Qaranqasho. Wamarekani wana Halloween, 31 Oktoba: watoto hujivika uzimwi, wakaomba pipi.

Huko Marekani pipi zilikauka wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari ilipotolewa kwa mgao. Mgao ulipokwisha 1947, watoto wakarudi milangoni kwa kishindo. Kilosa inaijua adha hiyo. Miwa ya Ruembe imo wilayani humo, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ilikuwa ya foleni nchi nzima. Mkono wa Idi haukuwa na shaka. Sarafu haihitaji sukari.

Kilichoitia Halloween doa ni hofu. Mwaka 1974, huko Texas, mtoto alikufa kwa pipi yenye sumu. Aliyempa ni baba yake mzazi, akitaka fedha za bima, lakini walioanza kuogopwa ni majirani! Siku hizi wengine hugawa pipi kwenye maegesho, kutoka kwenye buti za magari.

Kwa maoni yangu, Mikumi ndiko desturi yetu itakakopata mtihani wa hofu kama hiyo. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Malori hayakatiki, wapangaji huja na kuondoka. Mama atamruhusuje mtoto avuke lami kwenda kwa mtu asiyemjua?

Simu nayo ni mtihani. Tangu M-Pesa ianze Tanzania 2008, mjomba wa Dar es Salaam hutuma mkono wa Idi kwenye simu ya mama, nayo huishia kwenye mkaa. Ila tangu 2024 treni ya umeme inasimama Kilosa. Mjomba asiyetokea atafute kisingizio kingine.