Upasuaji wa kuondoa tezi dume

Upasuaji wa kuondoa tezi dume yote, pamoja na vifuko vya shahawa, hufanywa hasa saratani ikiwa bado haijatoka nje ya tezi. Baada ya kuitoa, daktari huunganisha kibofu na mrija wa mkojo.

Njia ya msamba, aliyoitumia daktari Hugh Hampton Young huko Baltimore, Marekani, mwaka 1904, hupita kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Damu hupotea kidogo, lakini tezi za limfu za nyonga hazifikiki kwa urahisi. Mkato wa chini ya kitovu, ulioanza miaka ya 1940, huzifikia. Ila zamani wagonjwa walivuja damu sana, na wengi walipoteza nguvu za kiume. Mwaka 1982 daktari Patrick Walsh, wa hospitali ya Johns Hopkins, alionyesha namna ya kuepuka mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume iliyo kando ya tezi. Hatua hiyo pengine iliwafaa wagonjwa kuliko mashine yoyote iliyofuata.

Roboti ya upasuaji huu, licha ya jina lake, haipasui yenyewe: daktari huiongoza kupitia matundu madogo tumboni. Katika utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa mwaka 2016, wanaume 308 walipasuliwa kwa roboti au kwa mkato wa kawaida. Wa roboti walipoteza damu kidogo kuliko wenzao, lakini baada ya wiki 12 uwezo wa kuzuia mkojo na wa tendo la ndoa haukutofautiana. Uzoefu wa mpasuaji una uzito mkubwa kuliko chombo anachotumia.