Bibi wa Gateshead na viatu vyangu

Jamani wadau, hela ya bumu imeliwa! Niliagiza viatu namba 42 mtandaoni, nikalipa kwanza, vikaja namba 39. Napiga simu, haipokelewi.

Usiku nikafungua desa la historia. Mwaka 1984, huko Gateshead, Uingereza, bibi wa miaka 72, Jane Snowball, aliagiza majarini, konfleksi na mayai kwa rimoti ya televisheni iliyounganishwa na simu, ubunifu wa Michael Aldrich wa 1979. Tesco wakaleta mzigo mlangoni, ndipo bibi akalipa taslimu.

Yaani mitambo imekua, ila mimi sina alichokuwa nacho bibi: mzigo kwanza, hela baadaye. Wenye maduka, turudishieni hilo tu. Kesho naingia lekcha na ndala.