Rekodi za Muziki wa Usukumani: Zipi za Kuanza Nazo

Kagongwa, kando ya lami inayotoka Isaka kwenda Kahama, kijana mwenye kompyuta anaweza kukujazia memori kadi nzima ya nyimbo za Kisukuma huku mpunga wako ukisubiri zamu mashineni. Nyimbo ni nyingi kupindukia. Lakini nani alipiga ngoma, wapi, mwaka gani? Kwenye faili kuna jina la msanii, pengine hata hilo halimo. Anayetaka kuchagua rekodi nzuri hana pa kuanzia, na ndiyo maana nashauri aanze na zile za mwaka 1950.

Mwaka huo Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alizunguka Tanganyika na gari la mitambo ya kurekodia. Wasukuma na Wanyamwezi ni miongoni mwa watu aliowarekodi. Genereta aliiweka mbali na kuvuta waya mrefu, mngurumo wake usiingie kwenye wimbo. Maikrofoni aliishika mkononi: manju akianza maneno anamsogelea, akinyamaza anaihamishia kwenye ala. Kwa hiyo unasikia pumzi ya mwimbaji na mkwaruzo wa uzi wa zeze, kila kimoja mahali pake. Kisha kila rekodi iliandikiwa kadi: lugha, mahali, wapigaji, aina ya ala. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika iitwayo ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na mfululizo wake wa santuri ndefu ulipita sahani 200.

Rekodi hizo za 1950 zina upungufu mmoja mkubwa: ni fupi. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78, iliyotangulia santuri ndefu, ulibeba dakika tatu au nne tu. Dhiki hiyo iliwabana hata wapiga piano wa Ulaya. Rachmaninoff alipoirekodi Carnaval, kazi ya piano ya Schumann yenye vipande vingi vifupi, mwaka 1929, ilibidi ikatwekatwe kwenye sahani kadhaa. Schumann alikatwa lakini akabaki mzima, kwa kuwa vipande vyote vilirekodiwa. Bugobogobo haikupata bahati hiyo. Ile ni ngoma ya kulimia: wakulima wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja, wapigaji wanawahimiza mpaka shamba liishe. Dakika tatu za bugobogobo zinakupa mdundo, hazikupi kazi. Mahali ambapo uchovu unaingia na manju anabadilisha wimbo kuwainua watu, hapo ndipo penye ufundi wenyewe, na santuri haikufika.

Baada ya uhuru kazi ya kurekodi ilishikwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Rekodi ya mpigaji mmoja inayojulikana kuliko zote nchini imetoka huko: ngoma za mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, zilizotangulia taarifa ya habari kwa miaka mingi. Kwa upande wa magharibi, redio ilimfikisha Mwinamila wa Tabora na kikundi chake cha Hiari ya Moyo masikioni mwa taifa.

Aliyeziba pengo la Tracey, kwa maoni yangu, ni Frank Gunderson, Mmarekani aliyefanya utafiti Usukumani miaka ya 1990. Kitabu chake cha 2010 kina nyimbo za kazi zaidi ya 300 pamoja na maelezo yake: za wawinda tembo, wacheza nyoka, wapagazi, wakulima wa pamba, sungusungu. Rekodi isiyo na maelezo namna hiyo utaifurahia, ila hutajua kama unasikia Bagika au Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana tangu karne ya 19.

Kwa hiyo anza na Tracey kwa ajili ya sauti, na Gunderson kwa ajili ya maana. Nyimbo za sasa zenye kinanda cha umeme nazo chagua, lakini muulize muuzaji jina la mpigaji na kijiji chake, uyaandike. Mwaka 2014 ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walirudisha rekodi za Tracey Kenya, zikafika hadi vijiji vya Wakipsigi zilikorekodiwa mwaka ule ule wa 1950. Usukumani nako zirudishwe, wakati bado wapo wazee wanaoweza kuzitambua sauti hizo.