Saa Iliyokunywa Maji ya Msimbati

Wiki hii nataka tuzungumze habari za saa ya mkononi, tena si kila saa, bali ile ya wazamiaji. Nikisema mzamiaji simaanishi yule anayejificha ndani ya meli ya mizigo ili aamkie Ulaya. Namaanisha mtu anayeshuka chini ya bahari kufanya kazi au kutazama matumbawe, kisha akarudi juu.

Kilichonifanya nizungumze ni hasara yangu mwenyewe. Nilikuwa na saa ya aina hiyo, na usoni imeandikwa kuwa inastahimili mita 200. Betri ikaisha nikiwa Mtwara mjini. Kijana mmoja fundi saa, mwenye meza yake ndogo chini ya mti, aliuzungusha mfuniko wa nyuma kwa ncha za mkasi, akatoa betri ya zamani, akatia mpya, akafunga. Kazi ya dakika tatu. "Mzee, hiyo tayari," akaniambia, "hata ukitaka ogelea nayo mpaka Msumbiji."

Jumapili nikaenda Msimbati, nikaingia majini upande wa Ruvula. Maji ya kifua tu, wala sikupiga mbizi. Alasiri kioo kikawa na ukungu kwa ndani, kama dirisha la basi asubuhi ya mvua. Kufika magharibi mshale wa sekunde umesimama. Fundi mwingine alipoifungua siku tatu baadaye, ndani mlikuwa na chumvi na kutu.

Nilimlaumu yule kijana wiki nzima. Kisha nikaanza kusoma historia ya saa na maji, nikaona kwamba ugomvi huu ni mkongwe, na kwamba yeye alirithi kazi ambayo hakuna aliyemfundisha.

Hebu tuanzie hapa hapa kwetu. Machi 22, 1866, David Livingstone alifika kwenye mlango wa Mto Ruvuma akiwa ndani ya manowari ya Kiingereza iliyoitwa Penguin. Mikoko na matope vikamkatalia kuteremsha ngamia wake, akarudi kaskazini na kushuka Mikindani tarehe 24. Miongoni mwa mizigo yake zilikuwamo saa za kupimia longitudo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo saa ikikosea dakika nne, umekosea uzi mmoja mzima, ambao katika pwani hii ni karibu kilomita 110. Siku zile kinga ya saa ilikuwa ni sanduku, kitambaa na mchukuzi mwenye hadhari. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mchukuzi wa saa hizo alianguka, na hesabu za longitudo za Livingstone zikaharibika. Naam, ramani ya bara letu iliharibika kwa mtu mmoja kuteleza.

Saa ya mkononi ilienea kwa wanaume baada ya Vita Kuu ya kwanza, kwa kuwa askari kwenye mahandaki hakuwa na nafasi ya kuchomoa saa mfukoni. Ila matope na vumbi viliingia kupitia kila tundu. Na saa ina matundu matatu makubwa: mfuniko wa nyuma, kioo, na pale kinapopita kifundo cha kutilia ufunguo. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitoa saa iliyoitwa Oyster, yaani chaza, ambayo mfuniko na kifundo chake vilifungwa kwa hesi kama kifuniko cha chupa. Sanduku la Livingstone sasa likawa ndiyo saa yenyewe.

Nani angeamini? Oktoba 7, 1927, msichana mpiga chapa wa London, Mercedes Gleitze, aliogelea kuvuka mlango bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Kukatokea mashaka, maana mwanamke mwingine alikuwa amedai kufanya hivyo kwa hila. Gleitze akarudi majini Oktoba 21, safari hii akiwa na Oyster shingoni. Baridi ilimshinda baada ya saa zaidi ya kumi na hakuvuka. Saa lakini ilikuwa ingali ikienda, na mwezi uliofuata Rolex ikalijaza tangazo ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail. Mwogeleaji alishindwa, tangazo likashinda. Biashara haijaanza leo.

Mwaka 1943 Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan wakatengeneza chombo cha kupumulia kutoka kwenye mtungi wa hewa. Hapo saa ikawa suala la uhai, maana anayekaa muda mrefu chini na kupanda haraka huumizwa na gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini mwake. Mwaka 1953 kiwanda cha Blancpain, ambacho mkuu wake alikuwa mzamiaji, kikatoa saa iliyoitwa Fifty Fathoms. Hilo ni jina ambalo mvuvi wa Mikindani angelielewa bila kamusi: pima hamsini, kama mita 91. Ilikuwa na pete ya pembeni ya kuhesabia dakika tangu kuzama.

Sasa tazama kilichofuata. Saa hizo ziliendeshwa kwa springi, na zilifunguliwa mara moja katika miaka kadhaa, aghalabu na fundi mwenye vifaa. Desemba 25, 1969, Seiko ya Japani ikauza saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, inayotumia betri. Saa zikawa za uhakika zaidi, kisha zikawa rahisi mno. Lakini betri inaisha. Watu waliotumia zaidi ya miaka arobaini kuziba matundu, sasa wakaweka sababu ya kulifungua kubwa kuliko yote kila baada ya miaka miwili au mitatu. Na wa kulifungua si Mswisi mwenye koti jeupe, ni kijana wa chini ya mti.

Kinachozuia maji pale ni pete nyembamba ya mpira. Inakaa miaka ikibanwa na chuma, inakuwa bapa na kukauka. Ukiirudisha ile ile, haikai tena palepale; unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuacha njia. Hutakiwa pete mpya ya unene ule ule, ipakwe mafuta ya silikoni kidogo sana, si mafuta ya cherehani wala ya kujipaka, kisha mfuniko ukazwe kwa ufunguo wake. Ile "mita 200" ni sifa ya saa mpya. Kipimo cha kimataifa cha saa za wazamiaji, kilichotolewa kwanza mwaka 1982, hutaka kila saa ijaribiwe kwa kani inayozidi maandishi yake kwa robo. Ikishafunguliwa, jaribio lile limefutika.

Na wala usiijaribu kwenye ndoo, kwa maana ikifeli imeshakufa. Mafundi wenye mashine huining'iniza saa kwenye hewa juu ya maji, ndani ya chupa nene, wakajaza upepo, wakangoja. Kisha huitumbukiza na kupunguza upepo polepole. Kama hewa iliingia, mapovu yatatoka, na saa inainuliwa kabla maji hayajaingia.

Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na kila mita kumi unazoshuka pale zinaongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Hata zile kompyuta za mkononi wanazovaa wazamiaji siku hizi, nyingi zina betri, mfuniko na pete ya mpira vilevile.

Nilirudi kwa yule kijana na pakiti ya pete za mpira niliyonunua Dar es Salaam, na kichupa cha silikoni. Alizipima moja moja kwenye saa za wateja, akafurahi. Kisha akauliza, "Mzee, na hiyo mashine ya mapovu?" Hiyo sikuwa nayo.