Nduthi za Dakar hazikuanza na masanduku

Haipiti wiki kabla msee fulani hajanitumia picha ya pikipiki kubwa ambayo amenunua juzi, na swali ni lile lile: "Niongeze nini ndio iwe ya rally?" Miaka miwili iliyopita ningekuandikia orodha ndefu, na bei juu. Siku hizi najibu: usiongeze kitu kwanza. Kaa chini nikuambie hiyo chuma ilitoka wapi, kwa sababu hilo neno "kuongeza" ndilo lilinipeleka chini ya masanduku yangu mwenyewe, kwenye laga moja kusini mwa Loiyangalani. Hiyo nitaisimulia mbele kidogo.

Tuanze Januari 1977. Mfaransa anaitwa Thierry Sabine alikuwa kwenye mashindano ya kutoka Abidjan hadi Nice, juu ya Yamaha XT500. Akapotea jangwani Libya. Kiu na jua nusura vimmalize kabla hajapatikana. Mtu wa kawaida angeuza pikipiki akae nyumbani. Yeye alirudi Ufaransa akaanza kutafuta wenzake wa kurudi nao jangwani. Tarehe 26 Desemba 1978, magari na pikipiki 182 yaliondoka Paris kuelekea Dakar, safari ya kilomita karibu 10,000. Yaliyofika ni 74. Mwaka huo pikipiki na magari yalihesabiwa pamoja kwenye matokeo, na aliyeshika namba moja alikuwa Cyril Neveu, kijana wa miaka 22, juu ya XT500. Pikipiki ilipiga magari. Mwaka uliofuata akashinda tena na chuma ya aina hiyo hiyo.

Sasa angalia hiyo XT500 vizuri. Silinda moja, inapoozwa na hewa, unaipiga teke ndio iwake. Uzito kilo 140 hivi kabla ya petroli. Mtu yeyote angeweza kuinunua dukani. Tatizo lake kubwa jangwani lilikuwa tangi: halikubeba hata lita 10. Kwa hivyo swali la kwanza kabisa la kubadilisha pikipiki iwe ya rally halikuwa muonekano wala nguvu ya injini. Lilikuwa petroli. Nitatoka kisima hiki nifike kile vipi?

Na petroli si mchezo. Lita moja ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Weka lita 40 na umebeba kilo 30, yaani mtoto wa darasa la nne amekaa juu ya tangi akiyumba kila ukikata kona. Ndiyo maana mafundi wa rally walianza kulishusha tangi, wakaligawa literemke pande zote mbili za injini, uzito ukae chini. Baadaye tangi zingine zikawekwa nyuma, chini ya kiti. Kuna shida nyingine ambayo hutaiona kwenye picha: pikipiki unayoondoka nayo asubuhi si ile unayofika nayo jioni. Petroli ikiisha, mbele kunakuwa kwepesi, shoka ulizozikaza kwa ajili ya uzito wa asubuhi zinakuwa ngumu sana saa nane mchana. Mwendeshaji anayeamua atumie tangi la mbele kwanza au la nyuma hafanyi mapambo, anapanga vile atakavyoanguka.

Kisha ikaja 1981 na BMW R80 G/S. Hizo herufi mbili ni za maneno ya Kijerumani ya pori na barabara. Watu walicheka injini ya silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia kama masikio. Lakini hizo silinda zinalala chini, kwa hivyo uzito uko chini. Hakuna cheni ya kujaa mchanga, kuna shafti. Gurudumu la nyuma limeshikwa upande mmoja tu, unalitoa karibu kama la gari. Hubert Auriol akashinda nayo 1981 na 1983, halafu Gaston Rahier, Mbelgiji mfupi ambaye miguu yake haikufika chini vizuri, akashinda 1984 na 1985. Honda wakajibu 1986 na NXR750, iliyoweza kubeba petroli zaidi ya lita 50, na wakachukua ushindi minne mfululizo. Sabine mwenyewe hakuona mwisho wa ule wa kwanza. Helikopta yake ilianguka Mali Januari hiyo hiyo ya 1986.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Kwa nini pikipiki zilikua kubwa hivyo? Ni kwa sababu ya Ténéré, ule upande wa Sahara ulioko Niger. Ni tambarare isiyo na mwisho, unafungua gesi na unaiacha wazi. Mahali kama hapo silinda mbili zinakupa mwendo, na mwendo ndio ushindi. Ukubwa ule ulikuwa jibu la ardhi moja, kwa miaka michache.

Lakini maduka hayauzi ardhi, yanauza picha. Yamaha walitoa XT600Z Ténéré 1983, na tangi la karibu lita 30. BMW wakatoa toleo la Paris-Dakar 1984, tangi lita 32. Honda wakatoa Africa Twin 1988. Kwa pembeni niseme hii kitu huniuma: jangwa la Watuareg na bara zima vikawa majina ya pikipiki ambazo watu wa hapo wengi hawangeweza kununua, na mashindano yenyewe yaliwahi kuua watu waliokuwa wamesimama tu kando ya barabara vijijini kwao. Pikipiki nazipenda, lakini hilo sitalifunika.

Rudi kwa masanduku. Tafuta picha yoyote ya Neveu, Auriol au Rahier akiwa mchangani. Utaona tangi kubwa, namba kubwa, na mbele karatasi ndefu ya maelekezo iliyoviringishwa ndani ya kisanduku. Hutaona masanduku ya aluminiamu kando ya gurudumu. Vipuri vilibebwa na malori. Mpaka leo kuna kundi linaloshindana bila fundi wala msaidizi, linaitwa malle moto, na hilo neno malle maana yake ni sanduku. Kila mmoja ana sanduku lake la vifaa. Na hata hilo, waandalizi ndio hulibeba kwa lori hadi kambi ya jioni. Yaani mtu ambaye jina la kundi lake ni sanduku, bado hawezi kukubali kulifunga kwenye pikipiki.

Masanduku yalitoka kwa watu wengine kabisa, wasafiri wa kuzunguka dunia. Hiyo pia ni historia halali. Lakini ni hadithi mbili tofauti, na muuzaji amezichanganya kwenye chuma moja akaipaka rangi za Dakar.

Mimi nilikula hiyo picha nzima nzima. Nilichomelea fremu, nikafunga masanduku mawili, taa nne, gadi nzito kila upande. Kwenye ile laga mchanga ulishika gurudumu la mbele, nikaweka mguu chini kama kawaida, pikipiki ikaendelea mbele na sanduku likaja juu ya mguu wangu kutoka nyuma. Nikalala pale na injini imezima, siwezi kujitoa. Aliyenitoa ni mtu wa boda aliyekuwa amebeba abiria na mtungi wa lita 20. Walinyanyua ile chuma wawili, wakapumzika katikati. Halafu jamaa akauliza, bila ubaya wowote: "Hii yote ni ya nini?" Sikuwa na jibu. Mguu ulipona baada ya wiki tano.

Yake nilipata muda wa kuiangalia vizuri nikiwa nimekaa chini. Vioo hakuna. Vikinga tope vimepunguzwa. Shoka za nyuma zimeongezewa nguvu na fundi wa jua kali. Bamba la chuma chini ya injini. Petroli ya ziada imefungwa karibu na katikati, si kwenye mkia. Sidhani amewahi kumsikia Neveu, lakini amefika majibu yale yale ya 1979, kwa sababu maswali ni yale yale: umbali, petroli, mawe, na nani atakuinua ukianguka.

Halafu ona vile Dakar yenyewe ilienda. Mwaka 2002 Fabrizio Meoni alishinda na KTM ya silinda mbili, na 2003 kampuni ikatoa 950 Adventure kwa ajili ya maduka. Januari 2005 Meoni akafariki mashindanoni Mauritania. Kuanzia 2011 pikipiki za Dakar hazizidi sisi 450, karibu zote silinda moja. Zinabeba zaidi ya lita 30 na bado ni nyembamba. Yaani rally ilirudi kwa udogo. Duka nalo likaenda upande wa pili: BMW R 1250 GS Adventure ikiwa na tangi lake la lita 30 limejaa ina kilo 268, kabla hujaweka sanduku hata moja.

Sasa wewe uko Kenya. Hatuna Ténéré. Labda Chalbi wakati wa kiangazi, na hiyo unaivuka ikaisha. Tulichonacho ni mawe meusi ya volkeno, mchanga wa laga, na udongo mweusi ambao ukinyesha unakwama na pikipiki yoyote. Na petroli tunauziwa kwa chupa ya soda kwenye kijiji ambacho hata kwa ramani hakipo. Kwa hivyo ukiniuliza uanze wapi, nitakuambia toa. Toa kiti cha kubebea mizigo usiyokuwa nayo, toa taa ambazo hutaziwasha kwa sababu usiku hutakuwa unaendesha. Pesa zote za kwanza ziende kwa shoka zinazolingana na kilo zako, halafu tairi zenye meno, halafu bamba la kukinga injini na vikinga mikono. Usukani uinuliwe hadi uweze kuendesha ukiwa umesimama bila kuinama. Tangi ndilo la mwisho, na lipime kwa umbali wa njia yako, si kwa picha.

Kuna mtu atakuja kuniambia yeye anaenda hadi Cape Town na anahitaji masanduku. Sawa, nenda nayo. Hiyo ni safari, na nzuri sana. Usiiite tu rally.

Yangu niliyauza. Aliyenunua husambaza mayai Kitengela, na anasema halijavunjika hata moja.