Mugithi

Mugithi ni mtindo wa muziki wa gitaa na dansi uliozuka miongoni mwa Wakikuyu wa Kenya, ukaenea kote kuzunguka Mlima Kenya, zikiwemo kaunti za Embu na Meru. Kwa Kikuyu, mũgithi ni gari la moshi.

Asili ya jina

Jina halikutokana na sauti ya muziki bali na uchezaji wake. Wachezaji hupanga mstari mmoja, kila mtu akamshika kiuno au mabega aliye mbele yake, kisha msururu ukazunguka ukumbi na viti vyake huku wengine wakijiunga nyuma kama mabehewa.

Muziki

Mugithi ulipata umaarufu katika baa na kumbi za Nairobi na viunga vyake miaka ya 1990. Kwa kawaida mwimbaji mmoja hutosha: hupiga gitaa, huimba, na huwapa wachezaji amri, akisaidiwa na midundo ya mashine. Huunganisha nyimbo bila kituo: za mwanamuziki Joseph Kamaru (1939–2018), za mtindo wa benga, za jandoni, za kanisani zilizobadilishwa maneno, hata za kantri kutoka Marekani. Miongoni mwa waliovuma ni Mike Rua, Salim Junior na, baadaye, Samidoh.

Embu na Meru

Ingawa una jina la gari la moshi, mugithi haukufika Embu na Meru kwa reli. Reli ya Nairobi hadi Nanyuki hupita Sagana na Karatina, upande wa magharibi wa mlima. Miji ya Embu na Meru haijafikiwa na reli. Huko mugithi ulifika kwa barabara, na kwa kanda na redio. Udugu wa lugha ulirahisisha safari hiyo, kwani Kiembu, Kimbeere na Kimeru vina uhusiano wa karibu na Kikuyu. Leo kituo cha redio cha Wimwaro FM hutangaza kwa lugha za Embu na kile cha Muuga FM kwa Kimeru.

Mugithi ni tofauti na ngoma za asili za eneo hilo. Wapiga ngoma wa Chuka, kwa mfano, hubana ngoma ndefu kati ya mapaja na kucheza huku wakiipiga. Sanaa yao ilikuwepo kabla ya gitaa kufika eneo hilo na haina uhusiano na jina la mugithi.

Hadhi

Wapo wanaoukosoa mugithi kwa matusi yaliyomo katika baadhi ya nyimbo. Hata hivyo, mtafiti Maina wa Mutonya ameonyesha kwamba muziki wa Kikuyu wa miaka ya 1990, ukiwemo mugithi, ulibeba siasa na maisha ya kila siku ya watu wa kawaida. Kwa sababu hiyo mugithi unastahili kuhifadhiwa na kuandikwa, pamoja na matawi yake ya Embu na Meru.