Staa wa Tanga Ambaye Jina Lake Halipo Kwenye Kava

Wadau, mmezoea hapa nawaletea stori za watu tusiowataja majina, halafu mnabaki mnakabana makoo kwenye komenti mkibishana ni nani huyo. Leo nimewaletea mwingine. Amefanya kazi na Siti binti Saad. Amefanya kazi na Shakila. Amepanda jukwaa moja na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na kila harusi ya Ngamiani lazima awepo. Na hajawahi kutajwa kwenye kava la santuri hata moja. Instagram usijisumbue, hayupo.

Sio mtu. Ni kidude.

Vitabu vya fizikia vinakiita transdyusa, yaani kitu kinachopokea nishati ya aina moja na kuitoa ikiwa ya aina nyingine. Hawa wa leo wanapokea sauti, mtikisiko au mwanga, wanatoa umeme. Mimi niliishia kidato cha nne na fizikia ilinishinda mapema tu, kwa hiyo naeleza kama nilivyokuja kuelewa baadaye kwa fundi redio mmoja pale Ngamiani. Naye jina tunalihifadhi, mzee hapendi mambo ya mitandao.

Siku moja alinifungulia maiki iliyokufa. Kumbe ndani kuna kiwambo, kama cha ngoma vile, ila cha plastiki nyembamba. Nyuma yake imegandishwa koili ya waya, na koili imezama katikati ya sumaku. Ukiimba, hewa inasukuma kiwambo, kiwambo kinatikisa koili, na koili ikicheza kwenye sumaku umeme unazaliwa. Umeme wenyewe mdogo balaa, milivolti moja au mbili, yaani sehemu moja au mbili kati ya elfu ya volti. Ndiyo maana lazima upite kwenye amplifaya kwanza ukanenepeshwe. Ukitoka huko unaingia kwenye spika, na spika ukiifungua unakuta vitu vilevile, koili na sumaku, ila kazi inaenda kinyume: umeme unatikisa koili, koili inatikisa karatasi, karatasi inasukuma hewa, na wewe uliyejibanza nyuma ya turubai na sahani yako ya pilau unasikia kila neno.

Mchezo huu wa waya na sumaku aliugundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Lakini kilichonifanya nikae chini niandike sio Faraday, ni Hale. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na kabla yake kulikuwa na kile cha maporomoko ya Pangani cha mwaka 1936, enzi ambazo mashamba ya mkonge ndiyo yaliyokuwa yanaendesha Tanga nzima. Pale maji ya mto Pangani yanazungusha mtambo, sumaku na koili zinapishana, umeme unatoka. Kanuni ni ileile ya kwenye maiki! Tofauti ni ukubwa tu. Hale ilijengwa iweze kutoa megawati 21, maiki inatoa kitu ambacho hata taa ya tochi hakiwezi kuwasha. Sasa kumbuka Shakila alizaliwa Pangani, mwaka 1947. Sauti ya binti wa Pangani ilitikisa koili moja, maji ya mto Pangani yakazungusha nyingine, zikakutana ndani ya amplifaya. Nilipolielewa hilo sikulala.

Ngoja kwanza nirudi nyuma kidogo, maana bila hapa hamtaona kwa nini maiki ni jambo kubwa.

Zamani kurekodi hakukuwa na umeme kabisa. Mwimbaji alisogea kwenye pembe kubwa ya bati, akaimbia mle, na sauti yake yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano ikachora mifereji kwenye nta. Nguvu yote ilitoka kifuani. Ukiwa na sauti ndogo, sindano haichori kitu cha maana, unarudi kwenu. Mwaka 1925 makampuni makubwa yakaanza kurekodi kwa umeme, maiki ikachukua nafasi ya pembe. Miaka 3 baadaye, 1928, Siti binti Saad na wenzake wakavuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za HMV. Wasifu wake, kwa taarifa yenu, aliuandika mtu wa Tanga, Shaaban Robert. Siti alikuwa amekulia kwenye kuimba bila msaada wa chombo chochote, barazani na majumbani kwa watu, kwa hiyo mapafu alikuwa nayo. Swali langu ni hili: wangapi walikuwa na sauti tamu lakini ndogo, wakafa bila kusikika nje ya uani kwao? Hatuwajui. Hao ndio watu wasiotajwa kwelikweli.

Sinema nazo zilichangia, japo kwa njia ya pembeni. Pale Majestic watu waliangalia filamu za Kihindi na Kimisri, na wanamuziki wa pwani walitoka na melodi kichwani. Sauti ya filamu zile ilikuwa imechapwa kama mstari pembeni mwa picha. Taa inapita kwenye mstari, mwanga unatoka ukiwa unacheza kufuata sauti, unaangukia kwenye seli inayogeuza mwanga kuwa umeme, umeme unakwenda kwenye spika. Kwa hiyo mtu aliyetoka pale anaimba kwa mluzi wimbo wa Kihindi alikuwa ameusikia kutoka kwenye mwanga. Haya.

Sasa Tanga yenyewe. Mkonge ulileta watu kutoka kila kona ya bara, na watu hao Jumamosi walitaka kucheza. Ndio ukapata bendi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na gitaa la umeme likashika mji. Gitaa hilo lina kidude kinaitwa pikapu (sio ya Toyota, tulieni). Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, imekaa chini ya nyuzi. Chenyewe hakisikii hewa. Kinahisi uzi wa chuma unavyotikisika juu ya sumaku, basi. Mmarekani mmoja, George Beauchamp, ndiye aliyefanikisha pikapu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na sababu ilikuwa ileile ya kila mahali: gitaa la kawaida lilikuwa linamezwa na tarumbeta.

Na hapa ndipo ninapotaka mnipinge kwenye komenti kama mnaweza. Taarabu ya Unguja ilisimama kwenye udi (wa kupigwa, sio wa kufukiza), kanuni na fidla. Udi na kanuni zina nyuzi za utumbo au nailoni. Sumaku haijali nailoni! Ukiweka pikapu chini ya udi, unapata ukimya. Kwa hiyo udi lazima uwekewe maiki, na maiki ikiwa karibu na spika kubwa inasikia spika, spika inatoa tena kilekile, maiki inasikia tena, mpaka linatoka lile pigo la mluzi linalofanya mabibi wazibe masikio. Kwenye ukumbi mtulivu udi ni mfalme. Kwenye uwanja wazi, harusi ya watu mia tano, ngoma inapigwa mtaa wa pili, udi unapotea. Watu wanasema vijana wa Tanga wa miaka ya 60 walileta gitaa kwenye taarabu kwa sababu ya kuiga dansi. Inawezekana. Mimi naona pia walichagua chombo ambacho sumaku inakisikia.

Black Star Musical Club ndio waliofanya hivyo, na baadaye Lucky Star waliotoka humo humo. Kikundi kidogo, gitaa, gitaa la besi, ngoma, na mwimbaji mbele. Ukilinganisha na kikundi cha Unguja chenye safu nzima ya fidla utadhani hawa wamepungukiwa. Hawakupungukiwa. Besi ya umeme ndiyo iliyoipa taarabu ya Tanga kiuno, na mtindo huo ukasambaa pwani mpaka bara. Rusha roho mnayokatikia leo ina damu hiyo.

Halafu Shakila. Msikilize kwenye "Macho Yanacheka" ukiwa umevaa spika za masikioni. Hapigi kelele. Anaimba kama anakuambia wewe peke yako jambo ambalo mwenye nyumba asisikie. Sauti ya namna ile kwenye pembe ya bati ingeandika vumbi tu. Maiki ndiyo iliyomruhusu mwanamke asimame mbele ya besi na ngoma bila kukaza mishipa ya shingo, na mtu wa mwisho kabisa kule nyuma akasikia alipovuta pumzi. Shakila alifariki Agosti 2016, na siku zile nakumbuka watu wengi wa rika langu walikuwa wanauliza mtandaoni, "kwani ni nani?" Sisi wa Tanga tuliona aibu.

Santuri za akina Black Star na Lucky Star zilitolewa na lebo ya Mzuri, ya Mombasa. Msishangae, Tanga iko karibu zaidi na Mombasa kuliko Dar, unapita Horohoro umefika. Mwaka 1989 lebo ya London, GlobeStyle, ikazikusanya baadhi ikazitoa upya kwa jina Nyota. Mpaka leo ni rahisi kumkuta Mzungu mwenye nyimbo hizo kuliko kijana wa Makorora. Wazee wetu walizicheza kwenye gramafoni ambazo nyingi zilikuwa na kichwa cha fuwele: aina ya jiwe ambalo ukiliminya linatoa umeme lenyewe, bila sumaku wala koili. Ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waliligundua jambo hilo 1880. Sindano inatikisika kwenye mfereji, inaminya fuwele, Shakila anaimba.

Maiki ya simu yako ni ya ukoo mwingine tena. Ni visahani viwili vyenye chaji vinavyokaribiana na kuachana sauti inapogonga. Mwaka 1962 Gerhard Sessler, Mjerumani, na James West, Mmarekani mweusi, walitengeneza ya bei rahisi inayotunza chaji yake yenyewe, na ndiyo iliyoingia kwenye redio kaseti zote za mama zetu.

Ikiwemo ya bibi yangu. Bibi ana kaseti ya harusi moja ya Makorora ya miaka ya 80, dada yake anaimba. Dada mtu ameshafariki na hakuna mahali pengine sauti yake ilipo. Kaseti imekaa kabatini na unyevunyevu wetu huu wa pwani mpaka utepe umeota ukungu. Nikaipeleka kwa yule fundi.

"Mwanangu," akaniambia, "hii tukicheza vibaya mara moja ndiyo basi."

Akaifungua, akasafisha utepe pole pole kwa pamba, akabadilisha mkanda wa mota kwenye mashine yake, akasugua kile kichwa kidogo cha chuma ambacho utepe unapita mbele yake, maana usumaku uliobaki kwenye utepe ndio unaozaa umeme pale, na uchafu kidogo tu unaufunika. Tulipata dakika 4. Nikairekodi kwa simu, nikakimbia nyumbani.

Bibi akaweka simu sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie. Mara ya pili akacheka.

"Huyu sio dada yangu," akasema. "Dada alisimama kule mbele. Huyu ni mwenzetu aliyekuwa anaitikia, alikaa karibu na redio."

Nikamuuliza anaitwa nani. Akafikiri sana, akaniambia nirudie tena.